Nani kasema Zuhura ni mkarimu?

*"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Likoni. Kwa miaka miwili sasa naandika riwaya usiku, watoto wakishalala. Inamhusu Zuhura, mjane anayeuza mahamri na mbaazi karibu na feri ili amsomeshe binti yake wa pekee, na shemeji yake Athmani anayetaka kumnyang'anya nyumba ya marehemu mumewe, Mji wa Kale. Watu watatu wameisoma. Wote wamesema kisa ni kizuri lakini Zuhura 'hawamwoni', na Athmani ni 'shetani wa filamu'. Mmoja akaongeza kuwa wahusika wangu wote wanaongea kama mimi nikiwa darasani. Nilijaza fomu ya mtandaoni yenye maswali arobaini kwa kila mhusika: rangi aipendayo, nyota yake, chakula chake. Haikunifaa kitu. Nasikia waandishi wakisema wahusika wao huwaongoza. Wangu hawajanisemesha hata siku moja. Je, sina kipaji? Na lipo jambo linaloninyima usingizi: Athmani nimemtoa kwa ami yangu. Akisoma, atajijua. Naambatisha kurasa kumi za mwanzo."*

Mwalimu, hilo la kipaji tulitoe njiani kwanza. Wasomaji watatu wamemaliza mswada wako, na kila mmoja kwa wakati wake amerudi na lalamiko lilelile. Hiyo ni bahati. Mswada mbovu huleta malalamiko kumi yasiyofanana, na mara nyingi msomaji hurudi akisema "nimebanwa na kazi, sijaumaliza". Wako una ugonjwa mmoja, na nadhani najua ulikoupata, maana nami niliupata palepale.

Ukurasa wako wa kwanza unaanza hivi: "Zuhura alikuwa mwanamke mkarimu, mvumilivu na mcha Mungu. Alikuwa na rangi ya maji ya kunde na meno meupe kama theluji." Theluji tuiache kando, ingawa mtu aliyezaliwa Mombasa theluji iliyo karibu naye iko juu ya Kilimanjaro, na sidhani Zuhura amewahi kupanda. Tazama hayo maneno matatu ya mwanzo. Yametoka kwenye karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika mtihani wa kidato cha nne. "Fafanua sifa nne za mhusika fulani." Sote tulikariri: ni mkarimu, ni katili, ni mwenye tamaa, na kila sifa ina mfano wake chini. Wewe bila shaka uliandika majibu ya namna hiyo mpaka wino ukakwisha.

Kama njia ya kusoma, haina kosa. Mwanafunzi anaona mhusika akimpa mgeni kitanda chake, yeye akalala sakafuni, naye anaandika "ni mkarimu". Lakini angalia nani kafanya nini hapo. Mwandishi aliandika kitanda na sakafu. Neno "mkarimu" limetoka kichwani mwa mwanafunzi. Sisi tuliolelewa na mtihani huo, tukikaa kuandika, tunaanzia upande usio wetu: tunaandika mwongozo wa kusahihisha badala ya kitabu. Msomaji anapokea majibu ya swali ambalo hajaulizwa.

Kwa nini majibu hayo hayamwingii? Fikiria umehamia Majengo. Siku ya kwanza jirani anakwambia, "Yule mama wa nyumba ya pili ni mkarimu mno." Umesikia, basi, hujaamini wala hujakataa. Wiki ya tatu unamwona mama huyo akimmiminia mtoto wa watu uji, kisha anakwangua sufuria na kumpa wake makoko. Hapo hakuna atakayekwambia kitu. Umeamua mwenyewe, na hukumu uliyoifikia mwenyewe huiachi kirahisi. Msomaji ni mgeni wa mtaa. Ukimpa hukumu, anaiweka pembeni. Mpe ushahidi, ataisimamia hukumu yake mpaka ukurasa wa mwisho, na ukimgeuzia mhusika katikati atashtuka kweli, kwa sababu ni yeye aliyekuwa amekosea.

Ushahidi wenyewe uwe na gharama. Mwenye duka akitoa sadaka ya mia mbili hatujamjua bado. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema, na kwa mwandishi methali hiyo ni ya ufundi: mtu huonekana pale anapobanwa, akiwa na vitu viwili anavyovitaka na uwezo wa kushika kimoja.

Nimejaribu kitu na Zuhura wako. Unisamehe kwa kumshika mkono. Saa kumi na moja alfajiri. Mahamri sitini kwenye beseni, leso juu yake. Athmani anafika kama kila siku, anakula manne na sahani ya mbaazi, anajifuta vidole, anasema, "Andika, shemeji." Zuhura anatoa daftari chini ya beseni, analamba ncha ya penseli, anaandika. Nyuma ya Athmani amesimama kijana wa mkokoteni ambaye pesa yake haimtoshi. Zuhura anampa, na yeye pia anamwandika. Ukurasa wa yule kijana una mistari iliyokatwakatwa: analipa, anakopa, analipa. Ukurasa wa Athmani umejaa mpaka pambizoni na hauna mstari hata mmoja uliokatwa. Zuhura hajawahi kumdai. Wala hajawahi kukosa kuandika.

Sasa nikuulize: ni mvumilivu? Ni, lakini uvumilivu huo una harufu. Ni mkarimu? Anatoa, ila anajua ametoa nini, lini na kwa nani. Wewe mwenyewe ulikuwa nalo daftari hilo. Umelitaja mara moja, ukurasa wa saba, kama kifaa cha biashara, ukalipita. Mimi nililiona nikasimama hapo. Mwanamke anayeandika madeni ya mtu anayetaka kumtoa nyumbani, na wala hamdai, anangojea nini?

Swali hilo moja linazidi yale arobaini ya kwenye fomu. Fomu hizo si haramu; zinampa kazi mtu asiyejua aanzie wapi. Ubaya wake ni kwamba zinakusanya habari za mtu aliyekaa kitako. Rangi anayoipenda Zuhura haina maana yoyote mpaka siku atakapoiuza leso ya rangi hiyo ili alipe karo. Mimi nikikwama na mhusika nauliza mambo matatu tu: anataka nini asubuhi hii (si maishani, asubuhi hii), anaogopa nani ajue nini, na akikipata anachokitaka atakuwa amepoteza nini. Nikishindwa kujibu la tatu, najua simjui.

Athmani ndiye kazi kubwa. Katika kurasa kumi ana macho mekundu, anacheka kwa kebehi mara nne, na anapiga mlango teke. Zamani niliandika hadithi yenye mtu mbaya mwenye kovu shavuni, mhariri mmoja alinirudishia mswada akiwa ameandika pambizoni, "Kovu linafanya kazi kuliko mwenye kovu." Niliumia wiki nzima, kisha nikaona alikuwa na haki.

Umesema Athmani "anamnyang'anya" Zuhura nyumba. Hebu tukae na mirathi kidogo, maana wahusika wako ni Waislamu na nyumba ni ya marehemu. Kwa mafungu ya Kiislamu, mjane mwenye mtoto wa mumewe hupata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Binti wa pekee hupata nusu. Ikiwa wazazi wa marehemu walishatangulia, na ndugu wa kiume ni huyu mmoja tu bila dada, kilichobaki humwendea yeye. Piga hesabu: Zuhura moja ya nane, binti nne za nane, Athmani tatu za nane. Shemeji ana fungu mara tatu ya la mjane. Angekuwapo mtoto wa kiume, Athmani asingepata kitu.

Umeona kilichotokea? Huyu hanyang'anyi tena. Ana haki, na akienda Mahakama ya Kadhi atasikilizwa. Zuhura naye ana miaka kumi na mingapi ya kufagia, kupaka chokaa na kuziba paa ambayo haimo kwenye mafungu. Ukimwongezea Athmani jambo moja tu, kwamba yeye ndiye aliyemwosha na kumlisha mama yao mgonjwa ndani ya nyumba hiyohiyo wakati kaka yake yuko melini, basi huna shetani. Una watu wawili, kila mmoja ana nyumba hiyo mwilini mwake, na nyumba ni moja. Asubuhi anapokula mahamri bila kulipa, huenda kichwani mwake anajilipa. Huhitaji kumpenda. Unahitaji kumwelewa kiasi cha kumwandikia hoja ambayo wewe mwenyewe ingekusumbua kuijibu. (Kabla ya kuchapisha, mpelekee mtu wa mirathi au sheikh unayemwamini mtiririko wa ukoo wote wa riwaya. Dada mmoja uliyemtaja kwa kupita kwenye sura ya nne anaweza kubadilisha hesabu yote.)

Hapa kuna jambo la kutokuelewana linalotoka shuleni vilevile: mhusika bapa, wa sifa moja asiyebadilika, na mhusika duara, mwenye pande nyingi. Mgawanyo huo ni wa Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1927, na sisi tumeufanya kama sheria, duara mwema na bapa dhambi. Si hivyo. Utingo anayeita "Likoni, Likoni, feri!" kwenye sura ya pili abaki bapa, ashuke, aende zake. Ukimpa na yeye utoto wenye majonzi msomaji atamngojea arudi. Kigezo cha Forster cha mhusika duara nakipenda kwa sababu hakihusu wingi wa sifa: aweze kutushtua, na tukishashtuka tuamini. Daftari la Zuhura linaweza kufanya hivyo. Meno ya theluji hayawezi.

Kuhusu majina, haraka tu. Mkopeshaji wako anaitwa Bwana Tamaa. Shaaban Robert katika *Adili na Nduguze* aliwaita ndugu wawili waovu Mwivu na Hasidi, na palikuwa mahali pake, kwa kuwa kile ni kisa cha adili na msomaji anaingia akilijua hilo. Wako umeuweka Likoni, kwenye foleni ya feri, penye bei na jasho. Hapo mtu huitwa Said au Juma, na tamaa yake tutaijua tukishakopa.

Sasa mazungumzo. Ukurasa wa tano Zuhura anasema: "Shemeji, naomba uelewe kwamba nyumba hii ndiyo tegemeo langu la pekee mimi pamoja na binti yangu." Mwalimu, hii ni insha. Haina kosa la sarufi, na ndiyo shida. Watu wenye jambo zito hawalisemi. Wanalizunguka, hasa sisi watu wa pwani, ambao tunaweza kugombana nusu saa kwa maneno ya heshima matupu. Jaribu hivi:

"Nyumba yavuja, shemeji."
"Yavuja tangu nimeolewa."
"Kuna mtu kaniuliza bei."
"Nikuongeze mbaazi?"

Hajajibu, na amejibu. Hakuna aliyetaja tegemeo wala haki. Msomaji ameachiwa kazi ya kusikia kilicho chini, na akikisikia mwenyewe anakuwa upande wa mtu fulani kabla hujamwomba.

Huna haja ya kuwapa wahusika lafudhi nzito ili watofautiane. Mzee wa Mji wa Kale akisema "ndoo hapa" badala ya "njoo", au "yuwaja", tumeshamjua kwa neno moja; ukimwandikia Kimvita mstari kwa mstari, msomaji wa Nakuru atachoka na wa Mombasa atakusahihisha. Kijana wa mkokoteni anaweza kuwa amekuja kutoka bara miaka miwili iliyopita, na Kiswahili chake kikabadilika sura kwa sura kadiri anavyozoea mji. Hiyo nayo ni ukuaji wa mhusika, tena usiohitaji maelezo.

Kiswahili chetu kina chombo kingine, na naona waandishi wengi wanakisahau: tunavyoitana. Kurasa zote kumi Zuhura anamwita Athmani "shemeji". Lihifadhi neno hilo. Litumie mara ishirini mpaka msomaji asilisikie tena. Halafu asubuhi moja, mbele ya wateja, amwite "Bwana Athmani". Basi. Usiandike "alisema kwa hasira". Usiandike chochote. Anayejua Kiswahili atainua kichwa. Vivyo hivyo na "inshallah": wapo wanaoisema wakimaanisha watakuja, na wapo wanaoisema wakimaanisha usinisubiri. Mhusika wako ni yupi, na nani nyumbani anajua tofauti?

Nije kwa hao wahusika wanaojiongoza. Wanaosema hivyo hawadanganyi, ila wanasimulia mwisho wa safari kana kwamba ndio mwanzo. Ukishaandika kurasa mia moja umefanya maamuzi mengi mno juu ya mtu: analamba penseli, hadai, anaandika kila kitu. Maamuzi hayo yanaanza kukufungia njia. Ukitaka Zuhura alie mbele ya Athmani, mkono unakataa, kwa sababu mtu wa daftari lile hawezi kulia hapo. Unahisi amekataa yeye. Ni kumbukumbu yako inayokataa. Kwako hajasema kwa sababu kufikia sasa umempa sifa tu, na sifa haifungi njia yoyote: "mvumilivu" anaweza kufanya karibu lolote.

Je, upange kila kitu kwanza au uandike ukigundua njiani? Nimejaribu zote. Ukipanga, unamaliza, lakini watu wako wanaweza kutembea kama wamefungwa kamba. Ukigundua njiani unapata watu hai na mswada wa kurasa mia tano usio na mwisho. Wewe una saa moja kwa usiku na riwaya ambayo mifupa yake imeshasimama, kwa hiyo sikushauri uanze upya. Kiache kisa kama kilivyo, kisha andika matukio matatu ambayo hayataingia kitabuni: Zuhura akidanganya kwa jambo dogo, Zuhura akipata pesa ambazo hakuna ajuaye kuwa anazo, na usiku wa mwisho wa mama yake Athmani, kwa macho ya Athmani. Kurasa mbili mbili. Ukirudi kwenye mswada utaona mwenyewe sentensi zipi zimekuwa uongo.

Na unavuka feri. Hiyo ni karakana ya bure, kwa kuwa anayevuka kwa miguu halipi. Chagua mtu mmoja, usimtazame usoni, tazama mikono yake tangu lango lifungwe mpaka lifunguliwe ng'ambo. Wapo wanaosogea mbele mapema ili washuke wa kwanza, na wapo wanaosubiri watu wapungue. Ukifika, andika mistari mitano bila neno moja la sifa. Mara ya kumi utaona macho yamebadilika.

Juu ya ami yako. Tuanze na ufundi. Nashuku Athmani amekuwa shetani kwa sababu bado una kesi naye, na mtu aliye kwenye kesi hampi mpinzani wake hoja nzuri. Ule usiku wa mwisho wa mama yao ndio dawa, ndiyo maana nimeuweka wa tatu. Ukishaweza kumwandikia ami kurasa mbili za haki, huenda usimhitaji tena: unaweza kumchukulia kazi ya mtu mwingine, mwendo wa mtu mwingine, kosa ulilolitunga, na kubaki tu na kile kilichokuuma. Mchanganyiko wa watu watatu huandikika vizuri kuliko nakala ya mmoja, kwa sababu nakala hukuzuia: kila ukitaka afanye jambo, unakumbuka kwamba hakulifanya.

Ukiamua abaki kama alivyo, jua kubadilisha jina pekee hakutoshi. Kenya ina sheria ya kashfa, Sura ya 36, na kama watu wa mtaa wanaweza kumtambua kwa nyumba, kazi na ukoo, jina la Athmani halitakufunika. Ukweli ni utetezi, lakini utakuwa na kazi ya kuuthibitisha. Hilo ni la kumwona wakili ana kwa ana, mswada mkononi, kabla hujampa mchapishaji. Kwa sasa andika kwa uhuru. Ukurasa ulio kwenye droo yako, ambao hakuna mwingine aliyeusoma, haujamkashifu mtu.

Umesema jambo hili linakunyima usingizi. Kama ni wasiwasi wa kitabu, utapungua ukishajua la kufanya. Lakini kama ukikaa na sura ya nyumba ile mwili unatetemeka, au siku ya pili huwezi kusimama darasani, weka kalamu chini na umwone mshauri nasaha. Sura itakungoja.

Mswada wa pili ukiwa tayari, usiwape tena watu uwaulize kama ni mzuri. Mwombe mmoja akae, umsomee kwa sauti sura ya daftari. Simama kabla Zuhura hajafanya lolote, funga karatasi, umwulize: unadhani atafanya nini? Akisema "sijui, anaweza kufanya chochote", rudi mezani. Akianza kubishana nawe, nenda ukamtafute mhariri wa riwaya, si wa tahajia tu, na mlipie muda wake.